Mkanda rahisi wa picha nyeusi na nyeupe: unafaa kupigiwa, au ni kutupa fedha?

Mwanzisha mada, Mjini Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Juzi barazani Jaws Corner kijana mmoja aliniona natia mkanda kwenye kamera ya marehemu baba. Akauliza ni mkanda gani, nikamwambia Fomapan, mkanda wa bei rahisi. Akatikisa kichwa: "Mzee wangu, kama mikanda ya bei, Tri-X au HP5, huiwezi, bora utumie simu. Rahisi ghali." Waliokuwepo wengi walimuunga mkono. Neno lile limenikaa moyoni, nimeona nilete hapa tulijadili.

Mimi nasema inafaa, tena sana. Kwanza, mikanda hii si mabaki ya kiwanda. Kentmere inatengenezwa na Harman kule Mobberley, Uingereza, haohao wanaotengeneza HP5. Fomapan inatoka Hradec Králové, Jamhuri ya Czech, kwa kampuni iliyoanza mwaka 1921. Udhaifu upo, sikatai. Ukielekeza kamera kwenye dirisha linalopigwa na jua, mwanga mara nyingi humwagika pembeni kama ukungu. Fomapan 400 nayo (namba hiyo ni wepesi wa mkanda kuhisi mwanga; ikiwa ndogo, unataka mwanga zaidi), wapigaji wengi huipa mwanga kama ni ya 200 au 250. Ukiiamini namba ya kwenye boksi ndani ya vichochoro vya Mkunazini, vivuli vyote vinakufa, na milango yetu ya nakshi inabaki kuwa shimo jeusi. Lakini udhaifu unaoujua unaupangia.

La pili ndilo linalonigusa. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, ilianguka. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimesimama Forodhani na mkanda wa bei ya chini kabisa, nikapiga zile roshani za mbele moja moja. Siku ileile nilipiga na kwa simu. Simu ilizama baharini na picha zake zote. Negativu ninazo, kumi na moja, kwenye bahasha. Naziinua kwenye mwanga wa dirisha naona nguzo zote zimesimama. Sasa niambieni nilitupa fedha wapi.

Mpiga picha wa harusi, Mwanakwerekwe

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, mie nipo na yule kijana, ila sababu yangu ni nyengine.

Mkanda si gharama pekee. Kuna dawa, tangi, skana, kuna mtu wa kukuletea mizigo kutoka nje, kuna usiku wako mzima. Hivyo vyote utavilipa sawasawa, mkanda uwe rahisi uwe ghali. Umeamka saa tisa usiku kwenda Nungwi, umeisubiri alfajiri, ngalawa zimetoka mara moja tu na hazirudi kwa ajili yako. Halafu kitu unachobania ni kile kinachoibeba picha yenyewe? Mimi bibi harusi siwezi kumwambia arudi akae tena kwa sababu weupe wa shela umemwagika ukutani.

Tena maji yetu. Majedwali ya kusafishia yameandikwa kwa nyuzi 20. Maji ya mfereji wetu Kaskazi hayashuki mpaka huko hata usiku wa manane.

Mwanzisha mada, Mjini Unguja

Marahaba mwanangu. La kazi ya kulipwa nimekukubalia, sina la kubisha. Mwenye harusi kakulipa, mpe kilicho bora.

La maji halina uhusiano na bei ya mkanda. Hata Tri-X itakuharibikia kwenye maji moto. Mie naweka chupa ya dawa ndani ya beseni la barafu mpaka ishuke nyuzi 24, halafu napunguza muda: kilichoandikiwa dakika 10 nakipa kama 7. Chini ya dakika 5 sithubutu, dawa haisambai sawasawa na mabaka yanatokea.

Lakini hoja yako ya kubania, hebu itazame upande wa pili. Mwenye mkanda mmoja wa bei anahesabu. Anapita Darajani asubuhi, anamuona muuza pweza kakaa vizuri na mwanga umemlalia begani, anasema moyoni ngoja, nitapata bora zaidi. Anarudi nyumbani na picha nne. Nimeyafanya hayo miaka. Siku niliponunua mkebe wa mkanda mzima wa mita 30.5 na kuanza kujaza kaseti mwenyewe gizani, mkebe ukanipa mikanda 18 ya picha 36, ndipo mkono ulipofunguka. Picha zangu nzuri zote zinaanzia hapo.

Mwanafunzi, Tunguu

Mimi nasafishia kahawa ya kopo, soda ya kufulia na vitamini C. Picha zinatoka, zina ukungu kidogo lakini zinatoka. Kwa mkanda ghali nisingejaribu hata siku moja.

Mwalimu wa skuli, Wete

Wa alaykum salaam. Nimewasoma wote, na kila mmoja namuona kasahau jambo.

Mwaka jana nilipiga madau bandarini usiku kwa Fomapan 100. Kipima mwanga kiliniambia sekunde 10, nikatoa sekunde 10. Mkanda ukatoka mweupe karibu wote, yaani haukupata mwanga wa kutosha. Kosa lilikuwa langu: watengenezaji wenyewe wameandika kwamba panapotakiwa sekunde 1 utoe 2, na panapotakiwa 10 utoe 80. Mikanda myengine haidai hivyo. Kwa hiyo, mzee wangu, ukisema inafaa, mwambie na mgeni wa kazi hii yanayomngoja, asije akaacha mapema.

Na nyote mnaitaja 400 tu. Kamera zetu hizi za urithi, nyingi kasi yake ya mwisho ya kufungua na kufunga ni 1/500 ya sekunde. Jua la saa sita mchana, kwa mkanda wa 400, unabana tundu la lenzi mpaka namba 16, tundu dogo sana, na bado uko ukingoni. Huku Pemba mchana natia wa 100, na kioo cha njano mbele ya lenzi, mbingu isilingane na ukuta wa chokaa.

Kilichonishinda ni karafuu. Zikianikwa kwenye majamvi, zile mbichi na zile zilizoanza kukauka zinakuwa kijivu kimoja, na mabadiliko yale ya rangi ndiyo khasa niliyotaka kuwaonesha wanafunzi. Hapo nimetumia simu, na sikuona vibaya.

Mwanzisha mada, Mjini Unguja

Mwalimu, ahsante. La sekunde 80 ningelipaswa kulitaja mwanzo kabisa. Na karafuu nimekubali, simu imekufaa.

Naongeza moja tu, la unyevu, kwani ndilo linalokula negativu zetu kuliko udhaifu wowote wa mkanda. Picha tunazozitazama za Unguja ya zamani, zile za Capital Art Studio iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, tunaziona kwa kuwa kuna waliozitunza. Mie zangu nazifunga ndani ya bati la biskuti pamoja na mchele uliokaangwa bila mafuta, na mchele naubadilisha kila mwezi. Mwenye njia bora zaidi aiandike hapa chini.

Kijana wa barazani, najua unasoma. Mkebe wangu bado una mita kadhaa. Njoo na kaseti tupu nikujazie, ukapige mtaa wako, halafu tuzitazame pamoja.