Pedi za breki za gurudumu moja, moja imekwisha na mwenzake bado nzima: nibadilishe zote, mbele na nyuma?

Tairi Kipara:
Wakuu, habari za jioni. Gari langu lina wiki mbili linapiga mluzi nikikanyaga breki. Tangu juzi mluzi umegeuka mkwaruzo, kama mtu anaburuta sufuria kwenye sakafu. Leo nimefungua tairi la mbele kulia. Pedi ya nje bado ina nyama, naikadiria milimita 6. Ya ndani imekwisha, chuma kinasaga diski. Kushoto zote mbili ziko kwenye 4. Nyuma nako ni diski, nimechungulia kwa tochi nikaona kama 3.

Seti mbili za pedi nimeshanunua. Jeki ninayo, spana ninazo, na kesho niko huru kutwa nzima. Sijawahi kufanya kazi hii. Nibadilishe zote kwa mkupuo au nianze na mbele? Na inakuwaje pedi zilizofungwa siku moja, gurudumu moja, zitofautiane hivyo?

Spana Kumi:
Badilisha zote mkuu, milimita 3 ndiyo mwisho kwa wengi wetu. Ila swali lako la pili ndilo lenye kazi.

Kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) yenye pistoni upande mmoja hukaa juu ya pini mbili za kuteleza. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa yenyewe inateleza na kuivuta ya nje. Pini ikishika kutu, kalipa haisogei, na pedi ya ndani inabaki kubeba mzigo peke yake. Ukifunga pedi mpya bila kugusa hizo pini utarudi hapa na uzi huuhuu. Zitoe, zisugue ziwe safi, zipake grisi maalumu ya breki. Usitumie grisi ya beringi, inavimbisha mpira. Kama pini zinacheza vizuri, basi mtuhumiwa ni pistoni: angalia kama mpira wake wa vumbi umechanika.

Na hiyo diski ya kulia ipime. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huwa umegongwa kwenye diski yenyewe.

Bi Gia:
Kaka, kwa kuwa ni mara yako ya kwanza: legeza nati tairi likiwa bado chini, weka vigingi vya kuzuia magurudumu, na usiingize hata mkono chini ya gari lililosimama kwa jeki tupu. Tafuta stendi za kuegemezea gari. Kalipa ukiitoa ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake wa mafuta ya breki. Fanya upande mmoja kwanza, wa pili uache kama ulivyo ili ukisahau kitu ukatazame. Na ukirudisha pistoni, mafuta ya breki yanapanda kwenye kopo, kwa hiyo lichunguze lisifurike. Yale mafuta yanakula rangi ya gari.

Mpita Njia:
Mimi huwa napaka oili ya injini kidogo kwenye pedi ili zisilie. Haijawahi kuniangusha.

Spana Kumi:
Mpita Njia, tafadhali, kuna watu wanasoma hapa wakaenda kufanya kweli. Oili haitakiwi kugusa uso wa pedi wala diski. Pedi ikishanyonya oili ni ya kutupa.

Tairi Kipara:
Nimerudi, mikono myeusi. Mbele tayari. Pini ya chini kulia ilikuwa imeganda kabisa, imetoka kwa kuzungushwa na kugongwa taratibu, ina kutu kama msumari wa kwenye paa. Asante sana Spana Kumi.

Sasa nyuma kumenishinda. Pistoni haiingii. Nimeibana kwa klempu mpaka jasho limenitoka, haijasogea hata unywele.

Bi Gia:
Acha kubana! Utavunja kitu. Hendibreki yako ni ya kuvuta kwa mkono au ya kitufe?

Tairi Kipara:
Ya mkono.

Bi Gia:
Basi itakuwa ndani ya kalipa, pistoni imekaa kwenye uzi kama skrubu. Shusha hendibreki, kisha zungusha pistoni huku ukiisukuma. Nyingi huingia kwa kuzungusha kulia, nyuzi za upande mmoja kwenye magari mengine huwa kinyume. Ukimaliza, mifereji ya usoni mwa pistoni ikae sawa na kile kidude cha mgongoni mwa pedi. Wa kitufe wanaosoma hapa: ninyi weka kwanza hali ya matengenezo, msilazimishe.

Spana Kumi:
Kabla hujawasha na kuondoka, pampu pedeli mpaka iwe ngumu. Kisha tafuta barabara tupu, toka mwendo wa 50 hivi ushuke hadi 10 kwa breki ya wastani, mara kama kumi, usisimame kabisa, ukiziacha zipoe kidogo katikati.

Tairi Kipara:
Imeingia, dakika mbili tu! Nilikanyaga pedeli ikazama hadi sakafuni, moyo ukanipasuka, nikakumbuka kupampu. Mara ya nne ikasimama. Nimezunguka, gari linashika vizuri, halivuti upande wowote.

Ila jirani amekuja na kipimo cha unene. Diski ya kulia imegongwa 22, sisi tumesoma 21.6. Na ukipitisha ukucha unakwama kwenye mfereji. Nitembee nayo mpaka mwisho wa mwezi?

Spana Kumi:
Hapana. Badilisha diski zote mbili za mbele. Nyembamba hivyo inashindwa kubeba joto. Pedi ulizofunga leo hazijaota mifereji bado, zitatumika.

Tairi Kipara:
Sawa. Gari linalala, naagiza diski.