Mjadala: Majirani wana kauli gani kwenye nyumba ya ibada ya dini ya wachache?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kurukiana. Waumini wa dini yenye watu wachache wamenunua kiwanja kihalali, ramani wanayo, wameomba kibali. Wakazi wanasema: hapa hapana. Nani asikilizwe?

Msimamo wangu nautaja mapema ili mnipinge vizuri. Kwenye mambo ya jengo, yaani kelele, maegesho, urefu na maji taka, wakazi wasikilizwe kikamilifu. Kwenye dini ya watu watakaoingia humo hawana kauli, hata wakiwa asilimia 99 ya mji.

Chukueni New York ya mwaka 2010. Waislamu walitaka kujenga kituo kilichoitwa Park51: ghorofa 13, ukumbi, bwawa la kuogelea na mahali pa kuswalia. Kiwanja kilikuwa barabara ya Park Place, mitaa miwili tu kutoka yaliposimama majengo pacha ya World Trade Center. Palikuwa na jengo la zamani lililowahi kuwa duka la nguo, na Septemba 11, 2001, siku magaidi walipoyaangusha majengo pacha kwa ndege, kipande cha gurudumu la ndege kilitoboa paa lake. Taarifa zilipoenea, nchi nzima ikawaka. Kura za maoni zilionyesha Wamarekani wengi wanapinga. Wapinzani wakashika hoja kwamba jengo lile ni urithi wa kihistoria, lisibomolewe. Agosti 3, 2010 tume ya jiji inayolinda majengo ya kihistoria ikaitupa hoja hiyo kwa kura 9, hakuna hata mmoja aliyeiunga mkono.

Hoja nzito kuliko zote wakati ule ilikuwa hii: "Haki ya kujenga wanayo, lakini busara iwaongoze wakajenge kwingine, kwa sababu waliofiwa wanaumia." Naiheshimu hoja hii, maana aliyefiwa na mtoto au mume hapangiwi namna ya kuumia. Lakini ukiifuatilia inakufikisha pabaya. Inamtaka Muislamu asiyehusika na mauaji yale asogee pembeni kana kwamba naye ana sehemu ya damu. Miongoni mwa waliokufa siku ile walikuwemo Waislamu pia, na wao wana wajane na mayatima. Na msikiti mwingine, Masjid Manhattan, ulikuwa eneo hilohilo la chini ya Manhattan tangu 1970, kabla majengo pacha yenyewe hayajazinduliwa rasmi mwaka 1973.

Kama tatizo lilikuwa ukaribu, basi mbali kusingekuwa na shida. Mwaka huohuo, huko Murfreesboro, Tennessee, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka New York, Waislamu walipata kibali cha kujenga kituo chao. Agosti 2010 vifaa vya ujenzi vikachomwa moto. Wakazi wakaenda mahakamani, na mle ndani ikatolewa hoja kwamba Uislamu si dini, hivyo haulindwi na katiba. Wizara ya Sheria ya Marekani ililazimika kuiandikia mahakama kwamba Uislamu ni dini! Baadaye kesi ikageuka kuwa ya utaratibu, kwamba umma haukutangaziwa kikao vya kutosha. Mahakama ya shirikisho ndiyo iliyowafungulia njia, nao wakaingia kwenye jengo lao Agosti 2012. Kwa hiyo New York ilikuwa karibu mno, na Tennessee je?

Sasa rudini Park Place. Mtaa mmoja kusini mwa kiwanja kile, kwenye Barclay Street, lipo kanisa la Mtakatifu Petro, parokia ya kwanza ya Wakatoliki jijini New York, iliyoanzishwa 1785. Kabla ya hapo Mkatoliki hakuweza kuabudu hadharani katika mji ule. Mkesha wa Krismasi wa 1806, kundi la watu wenye chuki na Wakatoliki lilikwenda kulizingira kanisa hilo, zikazuka vurugu. Na Septemba 11 ilipofika, mwili wa Padri Mychal Judge, aliyekuwa padri wa kikosi cha zimamoto cha jiji, ulibebwa ukalazwa mbele ya altare ya kanisa hilohilo. Kama wengi wa miaka ile wangepewa neno la mwisho, kusingekuwa na altare pale.

Uswisi walipewa neno la mwisho. Novemba 29, 2009 asilimia 57.5 ya waliopiga kura walikubali kupiga marufuku ujenzi wa minara ya misikiti, na marufuku hiyo ikaingia kwenye katiba. Minara iliyokuwepo nchi nzima ilikuwa minne! Wala haikutumika kuadhini. Na haikuwa mara yao ya kwanza: katiba yao ya 1874 ilipiga marufuku Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, na kuanzisha nyumba mpya za watawa, na vifungu hivyo vilidumu hadi 1973. Dini inayoonekana hatari hubadilika kila kizazi, hoja hazibadiliki.

Najua wengine mtasema: mbona Saudi Arabia hawaruhusu makanisa? Kweli hawaruhusu, na ni dhuluma. Ila fundi au daktari wa Murfreesboro hakuitunga sheria ya Riyadh. Tena ukisema Riyadh wanakosea, kosa lao ni lipi hasa? Ni kwamba wengi wamewanyima wachache mahali pa kuabudia. Huwezi kulilaani kule ukalifanya kwako. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kwenye kelele siwatetei waumini wa upande wowote. Kipaza sauti kinachomwamsha mgonjwa usiku ni kero, kiwe cha adhana au cha mkesha wa maombi. Kiwekwe kiwango, kipimwe kwa kifaa, na dini ya wengi ibanwe nacho vilevile. Hapo ndipo pa kuwapima wanaosema "si dini, ni foleni tu": je, jengo la dini ya wengi, lenye ukubwa uleule na magari yaleyale, lingewekewa pingamizi hilo?

Park51 ile kubwa haikujengwa. Pale sasa pamesimama ghorofa refu la makazi. Kisheria waliruhusiwa, ila naona kelele za wapinzani zilichangia kufanya kazi ambayo sheria ilikataa kuifanya.

Anayepinga msimamo wangu naomba asiniambie tu "busara itumike". Aniambie umbali unaotosha ni mita ngapi, nani anaupanga, na kama yuko tayari upimwe pia kwa jengo lake mwenyewe atakapohamia mahali ambapo dini yake ndiyo ya wachache.