Nyanya zimenawiri lakini maua yanapukutika: urea imezidi?

Bustani_Ilula: Wakuu, habari za kazi. Nyanya zina wiki sita tangu zitoke kitaluni, nafasi sentimita 60 kwa 60, udongo wa kichanga. Urea imewekwa vijiko viwili vya chakula kila shina, leo siku ya nane. Majani yamekoza kijani, ya chini yameungua kingo, maua yanapukutika. Mchana zinanyauka ingawa ardhi ina unyevu. Nipulizie busta (mbolea ya majani)?

Bwana_Mbogamboga: Busta acha kabisa mkuu, nyingi zina naitrojeni, na hapo urea imeshaizidisha. Vijiko viwili ni takriban gramu 20. Kwa nafasi hiyo ekari inabeba mashina kama 11,200, yaani kilo 224 za urea, mifuko minne na nusu kwa mkupuo mmoja! Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo ni zaidi ya kilo 100 kwa ekari.

Mbolea ikiyeyuka kwa wingi huo, maji ya udongoni yanajaa chumvi na mizizi inashindwa kuyavuta. Ndiyo maana mmea unanyauka penye unyevu. Urea ikivunjika hutoa pia amonia, nayo huunguza ncha za mizizi. Chimbua shina moja uangalie: zikiwa za kahawia, ni mbolea. Zikiwa nyeupe, kata shina, tumbukiza kipande kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi wa utomvu mweupe unashuka, huo ni mnyauko bakteria, ng'oa.

Shamba_Maji: Ondoa kwanza punje zinazoonekana. Kisha kila shina lita 10 asubuhi, rudia baada ya siku mbili. Maji kidogo kidogo hayasaidii, lazima yashuke chini ya mizizi. Kwenye mfinyanzi usijaribu, mizizi itakosa hewa. Kama kuna kisima cha kunywa jirani, tafadhali usifanye hivyo pia, naitreti ya mbolea itaishia humo.

Bustani_Ilula: Asanteni. Kisima hakuna. Matunda yaliyokwisha kushika?

Bwana_Mbogamboga: Chunguza vitako. Amonia nyingi huzuia mizizi kufyonza kalisi, tunda linaoza kitako. Yaliyooza yachume. Kagua na chini ya majani machanga, vidukari hupenda majani laini ya namna hiyo.

Usiweke tena mbolea ya kukuzia mpaka kijani kipungue na maua mapya yashike. Hapo tumia CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalisi), kisoda kimoja (kama gramu 5) kwa shina, sentimita 10 kutoka kwenye shina, fukia.