Naomba ushauri: filamu fupi nianze kuipeleka tamasha gani?

Habari zenu wakuu. Nina filamu fupi iliyokamilika, yote kwa Kiswahili cha Unguja. Moyo wangu uko ZIFF, tamasha la filamu la kimataifa la Zanzibar: watu wetu wataitazama pale Ngome Kongwe, na Jahazi la Dhahabu ni tuzo ya heshima. Mhariri wangu hataki. Anasema tamasha la Cannes kule Ufaransa, kwa mfano, hawaingizi kwenye mashindano filamu fupi iliyokwisha kuonyeshwa tamasha jingine la kimataifa, kwa hiyo nikianza nyumbani nimejifungia mlango. Ananikumbusha filamu ya Kitanzania Vuta N'Kuvute: ilianzia tamasha la Toronto, Kanada, 2021, mwaka uliofuata ikabeba Tanit ya Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Carthage, Tunisia.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni majaji. Kuna kipande mama anapima mchele kwa kikombe, anatazama watoto, kisha anarudisha nusu kwenye mfuko. Hasemi neno. Mhariri anataka nikifupishe. Mimi naona ndiyo roho ya filamu.

Waliowahi kushindanisha filamu au kukaa kwenye jopo la majaji, nisaidieni: nianzie wapi? Na ukimya kama huo majaji wa mbali wanauelewa, au niukate?