Nafasi moja tupu imetuharibia siku nzima: muhtasari wa Git haukutengenezwa kwa macho ya binadamu

Wakuu, naomba nitoe dukuduku langu kuhusu maandishi ambayo Git, programu ya kutunza matoleo ya faili za kazi, hutuonyesha tunapoiuliza hali ya kazi, kwa sababu wiki iliyopita yamenitia aibu mbele ya mteja na sioni kwa nini niendelee kunyamaza.

Kero ya kwanza mnaijua. Ukibadilisha faili moja tu kisha ukaandika git status, unajibiwa kwa mistari 9: miwili mitupu, mitatu ya kukukumbusha amri unazozitumia kila siku, na jina la faili lenyewe limejibanza katika mstari wa 7. Anayeanza kujifunza anayahitaji mawaidha hayo, sikatai, na anayeyachoka anaweza kuyazima kwenye mipangilio (advice.statusHints). Wengi wetu, hata hivyo, hukimbilia git status -s, inayotoa mstari mmoja kwa kila faili, na huko ndiko nilikoangukia.

Muhtasari huo hutenga nafasi mbili mwanzoni mwa kila mstari. Ya kwanza hueleza badiliko lililokwisha kutengwa kwa ajili ya komiti ijayo (yaani toleo litakalohifadhiwa), ya pili hueleza badiliko ambalo bado halijatengwa, na pasipo na badiliko huachwa wazi. Maana yake ni kwamba M (alama ya faili iliyobadilishwa) iliyotanguliwa na nafasi tupu ni jambo moja, na M iliyofuatwa na nafasi tupu ni jambo jingine kabisa. Mwenzangu aliyekuwa na kazi hiyo kwenye mashine yake aliona hivi:

```
 M bei.py
M  fomu.py
```

Akanakili, akanitumia kwa ujumbe wa simu. Programu ya ujumbe ikaila ile nafasi ya mwanzo kabisa, nami nikapokea hivi:

```
M bei.py
M  fomu.py
```

Kwenye simu, tena kwa mwandiko ambao herufi zake hazilingani upana, ni nani angetofautisha nafasi moja na mbili? Nikaamini faili zote mbili zimetengwa, nikamwambia aendelee. Fomu mpya ikamfikia mteja, bei zikabaki za zamani, na kesho yake tulishinda tukirekebisha ankara moja baada ya nyingine.

Mtasema kwamba Git ilitamka wazi wakati wa komiti kuwa ni faili 1 tu iliyobadilika. Ni kweli, ilitamka. Ila mara tu baada ya hapo mwenzangu alisukuma kazi kwenye seva, na mistari ya kuhesabu vitu, kuvibana na kuviandika ikamwagika chini ya ule mstari mmoja wenye maana, asilimia zikipanda hadi 100 kana kwamba kuna mtu aliyeziuliza.

Kinachonikera kuliko vyote ni kwamba dawa imo ndani ya chombo hichohicho. Tangu mwaka 2016 ipo git status --porcelain=v2, iliyokusudiwa kusomwa na skripti (programu ndogo za kuendesha kazi zenyewe), na humo pasipo na badiliko huwekwa nukta: bei.py hupewa alama ya .M, na fomu.py hupewa M ikifuatwa na nukta. Nukta hainyofolewi na programu ya ujumbe. Lakini mpangilio huo huwezi kumpa mtu asome, kwa kuwa kila mstari umebeba pia namba za ruhusa za faili na heshi mbili (alama ndefu za utambulisho), kila moja ya herufi na tarakimu 40. Skripti, ambayo ingehesabu nafasi tupu bila kukosea hata usiku wa manane, imepewa nukta. Sisi wenye macho yaliyochoka tumeachiwa hewa.

Wala msiniambie niangalie rangi. Rangi hupotea mara tu unaponakili maandishi, na zilizochaguliwa ni kijani na nyekundu, zilezile ambazo wenye upofu wa rangi wa aina iliyoenea zaidi huzichanganya. Na ugonjwa huu si wa Git peke yake. Katika Subversion, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, svn status nayo ina safu 7 za mwanzo zenye upana wa herufi moja moja, nyingi zikiwa tupu. Mercurial, mwenzao mwingine, imepona kwa bahati tu, kwa sababu haina hatua ya kutenga, hivyo herufi moja inaitosha.

Kufupisha watengenezaji wa Git wanakujua. Git log --oneline hukata heshi ikabakiza herufi chache zinazotosha kuitambulisha, ikaweka kichwa cha komiti mbele yake, na ukiubandika mstari huo popote haupotezi kitu. Nashindwa kuelewa kwa nini status isipewe angalau hiyo nukta.

Kwa sasa ofisini tunatumiana picha za skrini. Mwenye skripti fupi ya kugeuza zile nafasi tupu kuwa nukta bila kuvuruga majina ya faili aiweke hapa, tafadhali.