Naomba ushauri: kutoa chumvi kwenye matanga makuukuu bila kumaliza maji

Assalaam alaykum ndugu zangu. Karakana yetu hapa Lamu inashona mikoba kwa matanga makuukuu ya mashua, yale ya pamba. Shida ni chumvi. Tanga huonekana kavu, kumbe chumvi iliyobaki ndani ya nyuzi huvuta unyevu hewani. Mkoba hulegea, huota madoa meusi ya kawa, na zipu ya chuma hushika kutu. (Zipu tumeziacha, sasa ni vifungo vya vifuu.)

Tunaloweka mara tatu, kila mara usiku kucha, lita 10 kwa kilo 1 ya kitambaa. Maji ya mwisho ndiyo yanayoanza tanga linalofuata. Bado ukigusisha ulimi kwenye pindo, palipokunjwa mara mbili, chumvi ipo. Tufumue pindo kabla ya kuloweka, ama tulikate tu? Klorini ya kutoa madoa hatutaki: inakula pamba, na maji tamu ya mji yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, hatutaki kuyachafua.

La pili, uzi. Wa pamba unakatika mapema, wa poliesta hauozi ukitupwa. Kuna aliyetia uzi wa pamba wenye nta kwenye cherehani ya miguu, sindano namba 18? Nta haizibi tundu la sindano?