Bei ya maji Malindi ipande ama isipande? Mi nasema ipande, ila si kwa kila mtu

Mleta mada:
Assalam aleikum wana Malindi. Siku ya ngapi hii pale barazani hatuelewani kwa hili swala la bei ya maji, wazee wanasema maji ni ya Mungu mtu hauziwi, vijana nao wanasema apewe tajiri ayaendeshe nshachoka na paipu kavu, nikaona nilete hapa tugombane kwa adabu.

Msimamo wangu nautoa mapema. Bei ipande. Ngojeni, musinipige mawe, ipande kwa anaejaza swimingi puli na kumwagilia nyasi, si kwa mama wa Kisumu Ndogo, mtaa wa watu wa chini hapa Malindi. Huyo mama ambae kila mtu anadai anamtetea hata mita hana jamani! Maji anachukua kwa mkokoteni. Juzi paipu zilipokauka siku tatu mimi mwenyewe nilinunua mtungi wa lita 20 kwa bob 20, sasa hebu piga hesabu, yuniti moja ya maji ni lita 1,000 yaani mitungi 50, hiyo ni shilingi 1,000 kamili, na mwenye mita yuniti hiyo hiyo halipi hata robo yake. Kwahivo hii bei ya chini tunayoipigania makelele inamfaa aliyekwisha kupata, na mara nyingi ndie mwenye matangi mawili juu ya dari.

Kuna wanaouliza maji yawe na bei kwani yanatoka wapi na mto Sabaki si huo hapo. Sikilizeni. Maji ya chemchemi za Mzima yanayokwenda Mombasa tangu miaka ya 1950 yanateremka yenyewe kutoka kule Tsavo, mlima ndo unayasukuma. Haya yetu ya Baricho hapana, yanavutwa na pampu kutoka visima vya kando ya mto, halafu yasukumwe tena mpaka huku kwetu, mpaka Kilifi, mpaka Mombasa, na pampu inakula stima usiku na mchana. Bili ya stima isipolipwa pampu zinanyamaza, na zikinyamaza hakuna mwanasiasa anaekuja na ndoo, anaekuja ni wa mkokoteni na bei yake mpya.

(Na kwa taarifa yenu huo Sabaki ndo Athi ule ule unaopokea uchafu wa Nairobi, mvua ikinyesha bara tunaona wenyewe bahari ya hapa ikigeuka rangi ya matope. Nairobi yatumwagia, Mombasa yatunywea. Hilo nitaliletea mada yake.)

Wa Muyeye:
Wee umekula na nani? Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inasema maji safi ni haki ya kila mtu, haikusema haki ya mwenye pesa. Halafu hujafikiria, ukimpandishia mwenye hoteli hatolipa, atachimba borehole yake na kuvuta maji tamu mpaka yaishe, na huku pwani maji tamu yamekaa juu ya ya chumvi, ukivuta sana ile chumvi yapanda. Kisima cha nyumbani kwetu marehemu nyanya alikuwa akinywa, leo hata chai haipikiki. Nani atanilipa hicho?

Mleta mada:
Hapo kwa borehole umenikamata, nakubali, lazima nazo zitiwe mita na zilipiwe la sivo hesabu yangu yote yaharibika. Lakini haki bila paipu utaikinga na nini? Angalia Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, mwaka 1993 ukipampu maji lita 100, 72 zilikuwa zinapotea njiani kwa kuvuja na wizi. Walitia kila mtu mita, bei wakaipandisha kwa ngazi, maskini wakasaidiwa kuunganishiwa na kulipa kidogo kidogo, upotevu ukashuka chini ya 10. Mkubwa wa shirika lao la maji Ek Sonn Chan alikwenda mwenyewe kwa jenerali asiyetaka kulipa akawekewa bastola kichwani, akaondoka, akarudi na askari akamkatia. Sisi huku Kenya zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayaletewi hata bili, na nani amewahi kukatiwa mkubwa?

Wa Muyeye:
Basi si umejijibu! Wazibe kwanza huko kunakovuja ndo waje kuniuliza bei. Mtungi umetoboka kitako wewe wataka kununua maji zaidi.

Mleta mada:
Kuziba nako ni pesa, fundi halipwi kwa dua.

Fundi paipu:
Nimesoma nimenyamaza lakini naona mwazungumza kuvuja kama vile paipu zimeoza tu. Zimeoza nyingine kweli, za tangu zamani zile. Ila maji mengi hayavuji, yanaibiwa, na muache kusingizia watu wa Maweni na Kisumu Ndogo maana wao wakitoboa ni kimpira cha nusu inchi hicho. Mimi nshaitwa saa nane za usiku kuunganisha paipu ya inchi mbili ipite nyuma ya mita, ukuta mrefu, mbwa watatu, na asubuhi mwenye nyumba akaenda mkutanoni kulalamika bei ya maji.

Wa Muyeye:
Subhanallah. Nyumba ya nani?

Fundi paipu:
Mimi nina watoto bwana.

Mleta mada:
Tuambie basi alikulipa ngapi.

Fundi paipu:
Hajalipa mpaka leo.